Kuchagua mfumo wa septiki kwa kiwanja kigumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na watu wanaotaka kujenga au kurekebisha mfumo wa majitaka wa nyumba moja, mahali ambapo bomba la umma halijafika na ardhi yenyewe ina kasoro: udongo ni wa mfinyanzi, maji ya ardhini yako karibu, mwamba uko juu, mteremko ni mkali au kiwanja ni kidogo mno. Takwimu zilizotajwa ni za kukusaidia kufikiri na kukadiria; vipimo vya mwisho hutolewa na kanuni za mahali ulipo pamoja na mtaalamu aliyekiona kiwanja.

Nataka kununua tangi. Kwa nini kila mtaalamu anaanza kwa kuniuliza habari za udongo?

Kwa sababu tangi hufanya sehemu ndogo tu ya kazi. Majitaka yakiingia humo hutulia kwa siku moja au zaidi. Vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta huelea na kuganda juu kama ukoko, na maji ya katikati hutoka kwa bomba la upande wa pili. Maji hayo yamepungua uchafu unaoonekana kwa macho, lakini bado yamebeba vimelea vya maradhi na naitrojeni, na uchafu ulioyeyuka ndani yake unahitaji oksijeni nyingi ili uishe. Usafishaji wenyewe hufanywa na udongo ulio chini ya mitaro ya kufyonzea (mifereji yenye kokoto na bomba linaloyaachia maji ya tangi kuingia ardhini), pale ambapo nafasi kati ya chembe zina hewa na maji hupita polepole yakiwa yamezifunika chembe hizo kwa utando mwembamba. Bakteria wa udongo hula uchafu, na vimelea vingi hunaswa au hufa njiani. Kanuni za nchi nyingi hudai sentimita 60 hadi 120 za udongo wa aina hiyo kati ya sakafu ya mtaro na kizuizi kilicho chini yake, kiwe ni maji ya ardhini, mwamba au tabaka la mfinyanzi mgumu.

Kiwanja kigumu, basi, ni kile kisicho na udongo huo wa kutosha. Mifumo yote mbadala utakayoisikia ikitajwa ni njia za kufidia kile ambacho ardhi imekikosa, na kila fidia hulipwa kwa namna yake: kwa umeme, kwa pampu, kwa ukaguzi wa mara kwa mara au kwa eneo kubwa zaidi. Muuzaji anayesema kwamba tangi lake linafaa mahali popote aulizwe kwanza maji yatokayo humo yatakwenda wapi.

Naweza kutambua mwenyewe kwamba kiwanja ni kigumu kabla ya kulipia uchunguzi?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Kitembelee baada ya mvua kubwa uone maji yanasimama wapi na kwa muda gani. Angalia kama kuna matete na mimea mingine ya maeneo ya majimaji, na waulize majirani visima vyao vina kina gani katika msimu wa mvua, si wakati wa kiangazi pekee. Kisha chukua udongo wa kina cha nusu mita hadi mita moja, uloweshe, ukande mkononi na uusukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada ili utokeze kama utepe. Ukikatika mapema, au usipotengeneza utepe kabisa, udongo una mchanga mwingi. Utepe ukifika sentimita 5 au zaidi bila kukatika, una mfinyanzi mwingi na maji yatapita kwa shida.

Dalili iliyo muhimu kuliko zote huonekana ndani ya shimo la uchunguzi lenye kina cha mita moja na nusu hadi mbili. Udongo unaopata hewa mwaka mzima huwa na rangi iliyolingana, kwa kawaida kahawia au nyekundu, kwa sababu chuma kilichomo kimepata kutu. Udongo unaojaa maji kwa wiki kadhaa kila mwaka hupoteza chuma hicho mahali fulani na kukikusanya mahali pengine, ukabaki na mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya rangi ya chungwa. Mabaka hayo yakianzia kwenye kina cha sentimita 50, maji ya ardhini hupanda hadi hapo katika msimu wa mvua hata kama leo shimo ni kavu kabisa. Mtu anayepima kina cha maji wakati wa kiangazi na kuyapuuza mabaka anajenga mfumo utakaozama miezi michache baadaye.

Kipimo cha kufyonza maji hufanywaje, na je, kinatosha?

Utaratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, ingawa wazo ni moja. Kwa utaratibu unaotumika Uingereza, shimo la mraba la sentimita 30 kila upande huchimbwa hadi sentimita 30 chini ya usawa ambapo bomba la kufyonzea litalazwa. Sehemu hiyo ya chini ya sentimita 30 hujazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe, kisha hujazwa tena na muda hupimwa kuanzia maji yakiwa robo tatu ya kina hadi yakiwa robo moja, yaani yakishuka milimita 150. Sekunde hizo hugawanywa kwa 150. Kazi hiyo hurudiwa mara tatu, katika mashimo mawili au zaidi, na wastani huchukuliwa.

Tuseme maji yametumia saa 1 na dakika 40, ambazo ni sekunde 6,000. Jibu ni 40, yaani sekunde 40 kwa kila milimita. Eneo la sakafu ya mitaro hupatikana kwa kuzidisha idadi ya wakazi kwa jibu hilo na kwa 0.25, kwa hiyo nyumba ya watu 5 itahitaji mita za mraba 50. Jibu likiwa kati ya takriban 15 na 100, mitaro ya kawaida inaweza kufaa. Likiwa chini ya 15 maji yanapita haraka kiasi cha kutosafishwa, na likizidi 100 yatatuama.

Hata hivyo, kipimo hiki peke yake hakitoshi. Kinapima kasi ya maji safi katika shimo dogo kwa siku moja, na hakisemi lolote kuhusu maji ya ardhini yatakayopanda baadaye au mwamba uliojificha chini ya shimo. Nyufa za udongo mkavu na mashimo ya mchwa yanaweza kuyameza maji yote na kukupa jibu zuri la uongo, na ndiyo sababu kuulowesha udongo usiku kucha si hatua ya kurukwa. Ikibidi kuchagua kimoja kati ya kipimo hiki na shimo la uchunguzi lililosomwa na mtu anayeujua udongo, la pili lina faida zaidi.

Udongo wangu ni mfinyanzi. Je, ninaweza kutumia mitaro ya kawaida ikiwa nitaifanya mirefu?

Wakati mwingine, ikiwa eneo lipo na maji ya ardhini yako chini. Udongo wa tifutifu wenye mchanga huweza kupewa lita 24 hivi kwa mita moja ya mraba kwa siku, lakini mfinyanzi hupewa karibu lita 8 tu. Nyumba ya watu 5 wanaotumia lita 150 kila mmoja hutoa lita 750 kwa siku; kwenye tifutifu hiyo itahitaji mita za mraba 31 hivi, na kwenye mfinyanzi 94. Kwa mtaro wenye upana wa sentimita 60, hizo 94 ni zaidi ya mita 150 za mtaro. Viwanja vingi haviwezi.

Inapowezekana, mitaro iwe ya juujuu, kwa kuwa sehemu ya juu ya ardhi ndiyo yenye mizizi, hewa na nafasi nyingi zaidi. Kuchimba chini zaidi kwa matumaini ya kukutana na udongo mzuri ni kosa linalojirudia sana, na aghalabu huishia kwenye shimo linalojaa maji. Halafu mfinyanzi usichimbwe ukiwa umelowa. Ndoo ya mashine inaposugua kuta zilizolowa huzipaka na kuzilainisha kama chungu kabla hakijachomwa, na ukuta wa namna hiyo haupitishi maji tena. Finyanga donge la udongo wa kina cha mtaro liwe kama uzi. Likikubali kuwa uzi badala ya kupukutika, subiri siku za ukavu. Kuta zilizokwisha kulainika zikwaruzwe kwa reki kabla ya kokoto kumwagwa.

Mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi ni tatizo la aina yake, kwa sababu hufunga njia za maji msimu ule ule ambao unazihitaji zaidi. Hapo ni busara kuachana na mitaro na kufikiria tuta la mchanga au umwagiliaji wa matone, yaani mabomba membamba yanayotoa maji kidogo kidogo karibu na uso wa ardhi.

Tuta la mchanga ni nini, na linafaa wapi?

Ni uwanja wa kufyonzea, yaani eneo ambapo maji ya tangi huingizwa ardhini, uliojengwa juu ya ardhi badala ya kuchimbwa ndani yake. Muundo wake wa mwanzo ulijaribiwa katika jimbo la North Dakota nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliuboresha katika miaka ya 1970 hadi ukawa mfumo unaojengwa kwa vipimo vinavyoeleweka. Sentimita 30 hadi 60 za mchanga huwekwa juu ya ardhi ya asili, juu yake hukaa kokoto na mabomba yenye matundu madogo, kisha kitambaa cha kuchuja na udongo wa kuoteshea nyasi. Pampu hupeleka maji kwa vipindi ili tuta lote lilowe kwa usawa na lipate muda wa kupumua kati ya dozi moja na nyingine.

Linafaa pale ambapo maji ya ardhini, mwamba au mfinyanzi mgumu uko karibu, lakini kuna angalau udongo kiasi wenye hewa juu yake. Kama ardhi ya asili ina sentimita 40 zisizojaa maji na kanuni zinadai 90, mchanga hufidia zile 50 zilizobaki. Mchanga wenyewe huweza kupewa takriban lita 40 kwa mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo nyumba ya lita 750 inahitaji kitanda cha mita za mraba 19 hivi. Tuta zima, pamoja na miteremko yake ya pembeni, huwa kubwa mara kadhaa kuliko hicho kitanda, na ni vyema mwenye nyumba alione kwenye mchoro mapema ili asishangae siku likimwagwa mbele ya dirisha lake.

Matuta mengi yanayokufa mapema hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mchanga wenye vumbi. Unaweza kuukagua mwenyewe: weka sentimita 5 za mchanga ndani ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uache nusu saa. Tabaka la matope laini litakalotua juu ya mchanga likizidi milimita 3, rudisha lori lilikotoka. Ya pili ni kuikanyaga ardhi ya chini. Nyasi hukatwa na uso wa ardhi hulimwa kidogo kufuata usawa wa mteremko, udongo wa juu hauondolewi, na hakuna gari linaloruhusiwa kupita hapo wala upande wa chini wa tuta, kwa kuwa huko ndiko maji yatakakoelekea.

Maji ya ardhini yako juu. Je, tangi linaweza kweli kuelea?

Ndiyo, na hesabu yake si ngumu. Tangi la lita 3,000 lililozamishwa katika udongo uliojaa maji husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji lililoyahamisha, yaani karibu tani 3. Tangi la plastiki lenye uzito wa kilo 200 likiwa tupu linabaki na tani 2.8 za kuzuiwa. Zege lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, lakini likiwa ndani ya maji hubaki na nguvu ya kilo 1,400 tu, kwa hiyo mita 2 za ujazo za zege lililofungwa vizuri na tangi ndizo zinazoweza kulizuia, kabla ya kuhesabu msaada wa udongo wa juu na kabla ya kuongeza ziada ya usalama. Tangi la zege hubeba sehemu ya uzito huo lenyewe, ingawa nalo lipigiwe hesabu.

Hatari ni kubwa zaidi siku linapofyonzwa tope na gari. Tangi lililojaa haliinuki kirahisi. Lile lililomalizwa kutolewa tope katikati ya msimu wa mvua ndilo huchomoka na kukata mabomba. Panga kazi hiyo wakati wa ukavu, na ulijaze maji mara moja baada ya gari kuondoka.

Kuna tatizo jingine ambalo halionekani: maji ya ardhini yakipenya kwenye maungio au kwenye kifuniko, hujaza mfumo kwa maji ambayo hayakutoka nyumbani na kuuzidi nguvu uwanja wa kufyonzea. Tangi jipya lijazwe maji na kuangaliwa kwa saa 24 kabla halijafukiwa.

Chini ya nusu mita kuna mwamba. Kwa kuwa una nyufa na maji yanapotea haraka, hilo si jambo jema?

Ni kinyume chake. Ufa hauchuji kitu. Maji yaliyotoka kwenye tangi yakiingia humo husafiri mbali na kwa haraka, vimelea vikiwa bado hai, na hujitokeza kwenye kisima au chemchemi ya mtu mwingine. Katika maeneo ya mawe ya chokaa yenye mapango umbali huo unaweza kuwa mkubwa ajabu. Hali hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo, hutokea kwenye kokoto na mchanga wa chembe kubwa.

Suluhisho ni kusafisha kabla ya kuruhusu maji yafike kwenye mwamba: tuta la mchanga, kichujio cha mchanga kilichofunikwa chini kwa karatasi nzito ya plastiki, au mtambo wa hewa (unaosafisha majitaka kwa kuyapulizia hewa) unaofuatiwa na matone ya juujuu. Kulipua mwamba kwa baruti ili kupata nafasi ya mtaro huongeza nyufa zile zile unazozikimbia.

Kiwanja changu kina mteremko mkali. Nifanye nini?

Mitaro ifuate usawa wa mlima, kila mmoja sakafu yake ikiwa tambarare kabisa, na maji yateremke kutoka mtaro wa juu kwenda wa chini kupitia visanduku vya kugawia. Mteremko ukizidi asilimia 20 hadi 25, mashine haifanyi kazi kwa usalama na maji huelekea kuchungulia pembeni. Katika hali hiyo mabomba ya matone yanayozikwa kwa mkono sentimita 15 hadi 30 hufaa zaidi. Chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua upande wa juu. Usiukate mlima upande wa chini wa uwanja kwa ajili ya barabara au ukuta, kwa sababu maji yatatokea pale pale ulipokata.

Mtambo wa hewa unaondoa haja ya uwanja wa kufyonzea?

Hauondoi. Mtambo huu hupuliza hewa ndani ya majitaka ili bakteria wanaohitaji oksijeni wafanye kazi yao haraka. Mitambo iliyothibitishwa kwa kiwango cha Marekani cha NSF/ANSI 40 hutakiwa kutoa maji ambayo wastani wake wa siku 30 hauzidi miligramu 25 kwa lita za mahitaji ya oksijeni (oksijeni inayohitajika ili uchafu uishe) na miligramu 30 za chembe zinazoelea, ilhali maji ya tangi la kawaida huwa na miligramu zaidi ya 100 za mahitaji hayo. Huo ni usafi mkubwa, na baadhi ya mamlaka hukubali uwanja mdogo zaidi au udongo wenye kina kidogo kwa sababu yake. Lakini maji ni yale yale kwa wingi, na vimelea bado vimo isipokuwa uongeze klorini au mwanga wa urujuanimno.

Tatizo la mitambo hii si teknolojia, bali ni wamiliki. Pampu ya hewa ya wati 80 inayofanya kazi mchana na usiku hutumia karibu kilowati-saa 1.9 kila siku, na baada ya muda huja mtu wa kuizima ili kuokoa umeme. Bakteria hufa, maji yasiyosafishwa huingia kwenye uwanja uliojengwa mdogo kwa kutegemea maji masafi, na uwanja huziba. Kama hakuna fundi wa karibu anayeweza kuukagua angalau mara mbili kwa mwaka, au kama nyumba hukaa tupu kwa miezi, usiununue. Kichujio cha mchanga ni kizito na kinachukua nafasi, lakini huvumilia uzembe.

Na umeme ukikatika?

Mfumo wowote wenye pampu uwe na tangi la pampu lenye nafasi ya ziada ya kuhifadhi majitaka ya angalau siku moja juu ya alama ya tahadhari, yaani lita 750 kwa nyumba ya mfano wetu, pamoja na king'ora kilicho kwenye saketi tofauti na ya pampu. Mahali ambapo umeme hukatika kwa siku nyingi mfululizo, tafuta kwanza mpangilio ambao maji yatateremka yenyewe, hata kama utalazimika kuhamisha mahali pa nyumba kwenye mchoro. Hilo ni jambo rahisi kabla ya msingi kuchimbwa.

Kiwanja ni kidogo, na kuna kisima. Umbali unaotakiwa ni upi?

Uingereza huweka mita 50 kati ya uwanja wa kufyonzea na kisima au chemchemi, mita 15 kutoka kwenye jengo na mita 10 kutoka kwenye mto au mfereji; majimbo mengi ya Marekani hutaka mita 30 kutoka kisimani. Namba hizi ni za chini kabisa. Kama maji ya ardhini yanatiririka kutoka kwenye uwanja kuelekea kisimani, ongeza umbali, na kumbuka kuvihesabu visima vya majirani pia.

Naitrojeni ndiyo huwa haisimamiwi vizuri na udongo. Hugeuka kuwa naitreti na kufuata maji hadi chini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyochanganywa kwa maji ya kisima, ambao damu yao inaweza kupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Kuchemsha maji hakuiondoi naitreti, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua.

Nafasi ikiwa haitoshi kabisa, punguza maji kabla ya kupunguza uwanja. Vyoo vikavu vinavyogeuza kinyesi kuwa mboji huondoa sehemu chafu zaidi ya majitaka na kubakiza maji ya kuogea, kufulia na jikoni, ambayo nayo yanahitaji mahali pake lakini kwa kipimo kidogo. Nyumba mbili au tatu jirani zinaweza pia kushirikiana uwanja mmoja kwenye kipande kizuri cha ardhi, mradi makubaliano ya nani anahudumia nini yaandikwe kisheria.

Kwa nini nisijenge tangi lililozibwa pande zote na kuita gari linyonye?

Unaweza, na mahali pengine ndiyo njia pekee inayoruhusiwa, lakini pima ukubwa wake kwanza. Kanuni za Uingereza hutaka lita 18,000 kwa watu wawili na lita 6,800 kwa kila anayeongezeka, kwa hiyo watu 5 huhitaji lita 38,400. Kwa lita 750 za kila siku, tangi hilo kubwa hujaa kwa siku 51. Safari za gari ni za maisha yote ya nyumba. Wanaotoboa sakafu kimyakimya ili kupunguza safari hizo wanayaachia majitaka mabichi kuingia kwenye maji ya ardhini.

Eneo langu hufurika. Je, kuna mfumo unaostahimili mafuriko?

Hakuna unaofanya kazi ukiwa chini ya maji. Kinachowezekana ni kuulinda ili uendelee baada ya maji kupungua: vifuniko viinuliwe juu ya usawa wa mafuriko na vifungwe kwa mpira, kizuia-kurudi kiwekwe kwenye bomba litokalo nyumbani, na viungo vya umeme vipandishwe juu. Mafuriko yakija, acheni kutumia vyoo vya maji. Tangi lisifyonzwe mpaka ardhi ikauke, kwa sababu iliyokwisha elezwa kuhusu kuelea.

Mimea inaweza kunywa maji yote ili nisihitaji udongo?

Kitanda cha uvukizi, chenye plastiki chini na mimea juu, kinaweza kufanya hivyo pale tu ambapo uvukizi wa mwaka unazidi mvua kwa kiasi kikubwa, na hata huko lazima kiwe na nafasi ya kuhifadhi maji ya miezi ya mvua. Penye mvua nyingi kitanda hicho hugeuka beseni. Ardhioevu ya kutengenezwa, ambayo majitaka hupita kwenye kokoto zenye matete, ni hatua nzuri ya kusafisha, lakini maji bado hutoka upande wa pili na yanahitaji pa kwenda.

Tangi liwe la ukubwa gani?

Kanuni za Uingereza huanzia lita 2,700 kwa watu wasiozidi wanne na kuongeza lita 180 kwa kila mtu mwingine. Marekani, nyumba ya vyumba vitatu vya kulala hupewa kwa kawaida galoni 1,000, ambazo ni lita 3,785. Kwenye kiwanja kigumu chukua kubwa zaidi, lenye vyumba viwili, na uweke kichujio kwenye bomba la kutokea. Hicho ni kifaa cha bei ndogo kinachozuia chembe zisifike kwenye mchanga au matundu ya mabomba. Mabomba ya matone, hasa, hayasamehe chembe.

Unga wa bakteria unaouzwa madukani utausaidia mfumo wangu?

Hapana. Majitaka yana bakteria wa kutosha tangu siku ya kwanza, na dawa za kuyeyusha mafuta huyasukuma tu hadi kwenye uwanja. Tope hutolewa linapokaribia theluthi moja ya kina cha tangi, ambalo kwa familia nyingi hutokea kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu, na asiiname kichwa ndani ya kifuniko: gesi ya salfa hidrojeni huua kwa pumzi chache, na waokoaji wanaomfuata mwenzao hufa kwa namna hiyo hiyo.

Uwanja wangu wa sasa umeanza kutoa maji juu. Lazima nibadilishe kila kitu?

Si lazima. Anza na yaliyo rahisi: choo kinachovuja usiku kucha, maji ya paa yaliyoelekezwa kwenye chemba, kichujio kilichoziba, tangi ambalo halijawahi kutolewa tope. Kama maji hujitokeza wakati wa mvua tu na kupotea wakati wa ukavu, chanzo ni maji ya ardhini na dawa ni kuinua mfumo au kukinga maji ya mlimani. Kama hujitokeza mwaka mzima, utando mweusi na mtelezi wa bakteria umeziba sakafu ya mtaro kwa kukosa hewa. Uwanja kama huo ukipumzishwa kwa miezi 6 hadi 12 mara nyingi hurudi, na ndiyo sababu ya kujenga sehemu mbili zenye vali ya kubadilisha tangu mwanzo, au walau kutenga eneo la akiba ambalo halijengwi wala halipitiwi na magari.

Nimpe mkandarasi kazi kwa masharti gani?

Asilete bei kabla ya kuuona udongo ndani ya shimo la uchunguzi. Mkataba utaje lita kwa siku, eneo la kufyonzea, kina cha udongo usiojaa maji kilichopimwa, na aina ya mchanga; utaje pia kwamba kazi ya ardhi itasimama udongo ukiwa umelowa, bila wewe kudaiwa fidia ya siku hizo. Malipo ya mwisho yafuate jaribio la kuvuja la saa 24 na, kwa mifumo yenye pampu, kuonyeshwa maji yakirushwa kwa urefu sawa kutoka matundu yote kabla ya kufunikwa. Piga picha za mabomba yakiwa wazi, ukiweka ndani ya picha kitu cha kudumu kama kona ya nyumba, na upime umbali wa kila kifuniko kutoka kona mbili ili fundi atakayekuja miaka kumi baadaye asichimbe kwa kubahatisha.